Saa Inasimama kwa Kule

Sisi Wakonzo mtoto hatumbunii jina, tunamhesabu. Mvulana wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Binti wa kwanza ni Masika. Utaratibu mzuri, hauleti ugomvi wa mashangazi, ila ukisimama sokoni Bwera ukaita "Bwambale!" watageuka wanaume sitini, na mmoja wao atakuuliza unamdai kiasi gani.

Mimi ni wa nne. Naitwa Kule, na jina hilo halikunisumbua mpaka nilipoanza kujua Kiswahili, ambacho sikukisoma darasani bali kwa madereva wa malori ya Kongo wanaosimama Muhokya. Siku ya kwanza nilipojitambulisha, dereva aligeuka akatazama upande wa ziwa. "Kule wapi?" Baadaye nikampata Masika, mtaa wote ukaniita Baba Masika, na kwa lugha ya watu wa pwani nikawa mahali pa mbali palipozaa mvua. Mtu mwenye majina ya namna hiyo akiambiwa kuna mashindano ya baiskeli, ya barabarani, ya timu, mwezi wa nne, anatakiwa aseme ana msiba.

Sikusema. Ndiyo maana nayaandika haya nikiwa nimekalia mto.

Kahendero, kwa msiopajua, ni mwalo wa Ziwa George uliozungukwa na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Watalii hulipa dola waingie hifadhini kutazama viboko. Huku viboko ndio huingia kututazama sisi, bure, usiku, na wakisharidhika hula majani ya mbele ya duka langu. Mchana zamu inachukuliwa na korongo, wale wenye vipara, wanaosimama kando ya mizani ya samaki kama maafisa wa kodi. Samaki akishapimwa, kinachofuata ni baiskeli: nyeusi, za inchi 28, breki za vyuma, keria pana nyuma. Sanduku la ngege linafungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu, linavuja maji mgongoni kwa mwendeshaji, naye anakanyaga mpaka barabara kuu kabla jua halijakaza, maana ngege habembelezwi. Ikifika saa tano hajauzwa, bei inashuka na nzi wanapanda. Vijana wa kazi hiyo wana vigimbi kama mihogo ya msimu wa pili. Kasi tunayo. Tulichokosa ni mtu wa kututangazia kwamba kasi hiyo ni mchezo.

Akatokea. Septemba 2025 ulimwengu wa baiskeli ulihamia Kigali, jirani tu hapo, kwa mashindano ya dunia ya barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Vijana waliyatazama kwenye simu, watu sita simu moja, nyuma ya duka langu, kwa umeme wangu. Tangu siku hiyo kila mwenye baiskeli yenye pedeli zote mbili anajiita Pogačar, yule bingwa. Mimi nilikuwa na langu nililoliona. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267 na ushei, vilima juu ya vilima, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Waliobaki, watu wanaolipwa mshahara kwa kukanyaga pedeli, walishuka, wakaingia garini, wakafunikwa taulo, na hakuna aliyewatukana. Niliupenda mchezo huo papo hapo. Nilidhani ruhusa ile ipo kila mahali.

Kumbe kuna mbio na mbio. Kamati fulani, ambayo siitaji kwa kuwa wajumbe wake wananidai chenji nami nawadai sukari, ilitangaza mashindano ya timu kutoka Muhokya hadi Bwera. Lami tupu, kilomita arobaini na kitu: kusini mpaka Kikorongo, halafu unakata kulia kufuata barabara ya Mpondwe. Timu ya watu wanne. Timu zinaondoka moja moja kwa kupishana dakika tano. Na muda wa timu unaandikwa gurudumu la nne likivuka mstari.

La nne. Katika Olimpiki mbio za namna hii zilikuwepo kuanzia 1960 hadi 1992, kilomita 100 hivi, nako timu ilikuwa ya wanne, lakini wenzetu saa waliisimamisha kwa mtu wa tatu. Yule wa nne alikuwa wa kutumiwa: anawakingia wenzake upepo mpaka pumzi inamwishia, kisha anaachwa kando ya njia na heshima zake, anaomba maji kwa watu. Kamati yetu ikaona huo ni ubaguzi.

Ukiwa peke yako ukashika mkia, umejiaibisha mwenyewe, unakwenda kulala. Kwenye timu ukishika mkia umewaibia watu watatu, na wote wanajua unapokaa.

Aliyenifuata ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mchuuzi wa samaki, ambaye alikuwa amekwisha kujiita Kapteni.

"Mjomba, tumekosa mtu wa nne."

"Mwalo mzima huu?"

"Mwalo mzima uko majini. Halafu mjomba, wa nne si ndiwe? Jina lenyewe linasema."

Nikageuka kumtazama Mama Masika anitetee. Alikuwa nyuma ya magunia anapima maharage. "Mchukueni," alisema bila kuinua macho. "Mkimrudisha amepungua, sitalalamika."

Wengine wawili walikuwa Fundi, wa baiskeli, mwenye kibanda chini ya mti pale njia panda, na Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hajawahi kuwa na mwendo ila ana maneno. Mwalimu alikuja dukani na daftari. Alinieleza habari za Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, jinsi alivyofundwa baiskeli na David Kinjah pale Kikuyu, akaja kuchukua Tour de France mara nne. Nikamuuliza, huyo Froome wakati anafundwa alikuwa na umri gani? Kijana mdogo. Alikuwa na duka? Hakuwa nalo. Nikamwambia basi tusifananishwe.

Mazoezi nayapita haraka kwa sababu hata yenyewe nilikuwa nayapita haraka. Jioni mbili niliendesha mpaka nusu ya njia ya Muhokya na kurudi. Jioni ya tatu kiboko alikuwa barabarani, nikamshukuru Mungu, nikalala.

Siku mbili kabla ya mashindano, Fundi aliichukua baiskeli yangu "kuipunguza". Baiskeli hiyo niliirithi kwa baba, nami nilikuwa naijua kama mke wa kwanza. Nilipokwenda kuichukua nilikuta imevuliwa keria, stendi, kengele, kikinga mnyororo, na madigadi zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Imesimama pale imejikunyata kama kuku aliyenyonyolewa.

"Madigadi kwa nini?"

"Uzito, mjomba," Kapteni alisema.

"Na tumbo langu lina kilo ngapi? Mbona hilo hamjalifungua?"

Fundi akasema bolti za tumbo hana spana yake. Wakacheka. Kumbukeni hizo madigadi, nitazirudia.

Na nguo. Kapteni alileta kutoka mitumba ya Kasese fulana nne za mbio, zenye zipu mbele na mifuko mgongoni, zinazofanana kasoro rangi, saizi na maandishi. Yangu ilikuwa imetengenezewa Mwitaliano mwembamba aliyekuwa na huzuni. Kuivaa nilisaidiwa na watu wawili. Mama Masika alizunguka mara moja, akanitazama mbele, akanitazama nyuma.

"Baba Masika, hiyo ni nguo au ni bandeji?"

Sasa tuje kwenye mvua. Kasese ina sifa ya joto. Mgeni akishuka hapo anauliza feni kabla ya chakula. Kwa hiyo kamati ilipopanga Aprili na watu wakanong'ona, mwenyekiti akasema mvua ya huku huwa inapita juu juu. Bwana huyo anaishi chini ya Rwenzori, mlima ambao watu wengi hufasiri jina lake kuwa ni mleta mvua. Mlima umejitambulisha kabisa, wewe unataka barua? Na si mlima wa utani. Mei 2013 mto Nyamwamba uliteremka kutoka huko juu na mawe makubwa kama nyumba, ukapita Kilembe mpaka Kasese mjini ukibomoa njiani. Mei 2020 ukarudia. Mtu wa Kasese akiona wingu jeusi upande wa milima haulizi kama litanyesha. Anauliza kuku wako wapi.

Alfajiri ya siku yenyewe milima haikuwepo. Palikuwa na ukuta wa kijivu, na ukuta ulikuwa unatembea. Timu nyingine zilipelekwa Muhokya kwa pikapu, baiskeli zimefunikwa turubai kama maharusi. Sisi wa mwaloni tulikwenda kwa baiskeli, kwenye murram, na mvua ikatukuta katikati. Murram ikilowa haina tabia. Inapanda kwenye tairi, inajaza nafasi kati ya gurudumu na fremu, gurudumu linagoma kuzunguka. Ndipo nilipoanza kutembea, na mashindano yalikuwa hayajaanza. Tulifika Muhokya rangi moja sote, na hapo tatizo la fulana zisizofanana likawa limekwisha.

Mwenyekiti alikuwa chini ya mwavuli. Alishika filimbi mkono mmoja, chai mkono wa pili, na mwavuli alishikiwa. "Ndugu wanamichezo," alisema, "mvua ni baraka." Nimefanya utafiti wangu mdogo na nimegundua kwamba sijawahi kusikia maneno hayo kutoka kwa mtu aliyelowa.

Filimbi ikapigwa. Tukaondoka.

Ufundi wa mbio za timu ni huu: mnakwenda mstari mmoja, gurudumu la mbele la huyu linakaribia kugusa la nyuma la yule. Wa mbele anapasua upepo, walio nyuma wanajificha. Wanaojua wanasema anayejificha vizuri huokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Wa mbele akichoka anajitoa pembeni, anarudi mkiani, wa pili anashika. Kwenye jua ni kitu kizuri sana, kama bata wanakwenda kuoga.

Kwenye mvua, gurudumu la nyuma lisilo na madigadi ni bomba. Linachota maji ya barabara na kuyarusha juu kwa ukamilifu, na mahali yanapotua ni kinywani mwa anayejificha. Ukifunga mdomo hupumui. Ukifungua unakunywa. Ukirudi nyuma mita tatu usirushiwe, upepo unakushika na Kapteni anapiga kelele: "Mjomba, ziba pengo!" Nikaziba pengo kwa meno. Barabara ile hupita magari ya chumvi ya Katwe, saruji ya Hima inayokwenda Kongo, na samaki wetu wenyewe. Mpaka tunamaliza kilomita kumi nilikuwa nimeuonja uchumi wa wilaya nzima. Hima wamekolea.

Kwa haki niseme nilipelekwa mbele mara moja. Nilishika usukani wa timu kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Mwalimu, aliyekuwa anahesabu kwa sauti, alifika thelathini na mbili. Kapteni akapita kando yangu akasema kwa heshima zote za mtoto wa dada: "Mjomba, wewe kaa tu nyuma." Nikakaa nyuma. Kuna watu wamewahi kufukuzwa kazi nzito kuliko hiyo wakafurahi kama nilivyofurahi.

Kabla ya Kikorongo tukamkuta tembo.

Alisimama katikati ya lami, peke yake, amelowa, uso wa mtu aliyekataliwa mkopo. Timu iliyotutangulia ilikuwa imesimama. Timu iliyotufuata nayo ikafika ikasimama. Watu kumi na wawili tuliofukuzana tangu Muhokya sasa tukawa tunasalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Hakuna aliyetaka kuongoza. Nilikwisha kuwaambia kwetu baada ya Kule huja Thembo. Siku hiyo tembo alikuja kabla, na Kule akakaa kimya. Mnyama alisimama dakika kama saba, akatafuna kitu, akaondoka upande wa ziwa bila kuaga. Tulipokuja kuiomba kamati itoe dakika hizo, tuliambiwa kanuni hazina kifungu cha tembo. Mashindano ndani ya nchi ya tembo, kanuni za kurasa nne, kifungu cha rangi ya soksi kipo.

Kikorongo tukakata kulia. Mstari wa Ikweta uko hapo hapo mbele kidogo ukiendelea na barabara ya Katunguru, na watalii huwa wanasimama wanapigwa picha mguu mmoja kaskazini mmoja kusini. Nilitamani niunyooshe usukani niende huko, nisimame katikati ya dunia, nikatae kutoka. Kapteni akasema "Kulia, mjomba!" Upepo uliokuwa unatupiga ubavuni ukaja usoni, na mvua ikaanza kuwa na kona.

Pancha ilimpata Mwalimu, Kinyamaseke. Watu wa ofisini wanadhani kuziba pancha ni kazi ndogo. Kwenye mvua ni maombi. Gundi haishiki mpira uliolowa. Unapaka, unabandika kiraka, kinateleza kama sabuni. Fundi alibandika mara mbili, kikaondoka mara mbili. Tukajibanza barazani kwa kijana wa chapati, na hapo ndipo palipotokea jambo pekee la busara siku hiyo: tyubu ikakaushwa juu ya jiko lake la makaa, upande mmoja wa bati kuna tyubu, upande wa pili kuna roleksi inaviringwa, mayai mawili, kabichi na nyanya. Harufu zilichanganyika lakini sikuona kasoro. Nikaagiza.

"Mjomba, tuko kwenye mashindano!"

"Kiraka kimekauka?"

"Bado."

"Basi na mimi bado."

Hela ilikuwa mfukoni mwa suruali, na suruali ilikuwa Kahendero. Kijana akanikopesha, shilingi 2,000, kwa kuitazama tu fulana ile. Nadhani ilikuwa huruma. Wakati natafuna zilipita timu mbili, na katika siku nzima ile hizo ndizo dakika nilizoelewa kwa nini watu wanapenda mashindano.

Baada ya hapo barabara inateremkia Nyamugasani. Baiskeli yangu ina breki za vyuma, zile zinazovuta vipande viwili vya mpira vibane rimu. Rimu ya chuma kavu inashika. Rimu ya chuma iliyolowa ni kioo kilichopakwa mafuta. Unabana breki, unapata mlio tu. Nikabana. Nikapata mlio. Kengele ningeipiga, lakini kengele ilikuwa kwa Fundi, kwa ajili ya uzito. Nikateremsha mguu niweke breki ya asili, na lugabire langu, lililokatwa kwenye tairi la lori, likashika lami vizuri kuliko mguu ulivyolishika. Likabaki. Mimi nikaendelea. Nikampita Mwalimu, nikampita Fundi, nikampita Kapteni aliyekuwa anasema neno ambalo mtoto hamwambii mjomba wake, nikavuka daraja wa kwanza, mguu mmoja mtupu, macho yamefumba. Kwa mara ya kwanza tangu Muhokya, Kule alikuwa hapa.

Ikaja mipando ya Kisinga, nikarudi kuwa kule.

Kupanda sitasimulia sana. Kapteni alinisukuma mgongoni kwa mkono mmoja huku anakanyaga zake, kama anavyosukuma sanduku la samaki lililolegea. Fundi, kila baiskeli yangu ilipolia, alinitajia kinacholia na bei yake: hiyo ni beringi ya kati, hiyo ni ekseli, hiyo spoku mbili. Nilipofika kilima cha mwisho kabla ya Bwera nilikuwa nadaiwa zaidi ya thamani ya baiskeli. Hapo watatu wakakaa kikao kifupi bila kushuka, wakaamua wakimbie wakanisubiri mstarini, labda nikiwaona mbali nitapata wivu. Sikupata wivu. Nilipata nafasi ya kutembea.

Bwera ilikuwa imejaa. Mvua haijawahi kuzuia soko la mpakani. Wachuuzi kutoka Kasindi, ng'ambo ya Lhubiriha, walikuwa wamesimama barazani na mizigo yao wanatazama. Wenzetu wa huko, Wanande, wanahesabu watoto kama sisi, ila majina yamegeuka kidogo: wa pili wanamwita Kambale, wa nne Kakule. Sasa timu moja ilikuwa na kijana wa ng'ambo, na ndugu zake walikuwa wanamshangilia "Kambale! Kambale!" Mpwa wangu, mchuuzi wa samaki tangu alipoacha shule, anapita mbio, amelowa, anasikia umati unaita kambale, akajibu bila kugeuza shingo: "Wameisha!" Mpaka leo anakana.

Mimi nilipofika hakukuwa tena na umati. Palikuwa na mama mmoja wa vitenge aliyeniona nakokota baiskeli na lugabire moja. "Pole, papa," akasema. "Kuraje. Wenzako wako pale wanakungojea, wanalia." Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanatukana, ila mvua usoni inafanana na machozi. Karani wa muda alikuwa amesimama kwenye mstari, simu ameifunga kwenye mfuko wa plastiki wa mkate, kidole kiko juu yake, ananiangalia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nikapanda baiskeli mita ishirini za mwisho ili isiandikwe kwamba nilitembea. Gurudumu la nne likavuka. Mvua ikakatika hapo hapo, sekunde ile ile, jua likatoka, na Rwenzori ikaonekana mpaka theluji.

Tulikuwa wa sita. Timu zilikuwa saba, na ya saba ilirudi nyumbani pale kwenye tembo.

Mwalimu alitoa daftari. Kutoka mtu wa tatu mpaka mimi zilipita dakika kumi na moja. Akapiga hesabu kwenye baraza ya watu, penseli inapasua karatasi iliyolowa, akathibitisha kwamba kama saa ingesimama kwa wa tatu, kama huko Olimpiki, tungekuwa timu ya tatu na mguu wa mbuzi, zawadi ya nafasi hiyo, ungekuwa wetu. Nikamuuliza je, kama angeangalia misumari Kinyamaseke? Akasema hilo ni swali jingine. Tulirudi juu ya lori la ndizi. Wao watatu walikaa upande mmoja na baiskeli, mimi upande wa pili na ndizi.

Siku hizi watoto wakija dukani hawasemi shikamoo. Wanasema "Dakika Kumi na Moja, nipe kiberiti." Mwalo mzima unajua hesabu ile. Hakuna anayeuliza habari za tembo, wala za breki, wala nani alivuka Nyamugasani wa kwanza. Mama Masika peke yake alinihurumia. Alinipikia bundu na ngege, akanitazama ninavyokula nimesimama, akasema kweli nimepungua, nimepungukiwa kiatu.

Na madigadi. Nilizifuata kwa Fundi kesho yake. Keria ipo, stendi ipo, kengele ipo. Madigadi hazipo. Anasema alizihifadhi kwenye baiskeli ya mteja. Amezihifadhi kwenye baiskeli ya mteja, mteja yuko kisiwani anavua, na ile ya mbele imekwisha kupinda.

Kwa hiyo natangaza. Mwenye madigadi ya nyuma ya inchi 28, nyeusi, hata kama ina kutu kidogo, anitafute Kahendero, duka la pili kutoka kwenye mizani, kabla mvua za Septemba hazijafika. Na wewe kijana wa chapati wa Kinyamaseke, deni lako nalikumbuka. Nitalileta mwenyewe, kwa teksi.